Kiitaliano cha kila siku kwa anayejua Kiswahili: mfukuzeni Mwingereza katikati (uzi)

Kasa Mzee | #1

Wadau, salaam aleikum na bwana asifiwe.

Kuna kijana wa jirani kapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huku Watamu. Juzi kaja kwangu na daftari la kurasa 96. Kushoto kaandika Kiitaliano, kulia Kiswahili, na katikati Kiingereza. Nikamuuliza, huyu Mwingereza hapa katikati anafanya nini? Akacheka tu. Uzi huu ni wa kumfukuza Mwingereza yule.

Mimi Kiitaliano sikukisomea darasani. Nilianza kwa kuosha masufuria, nikapanda nikawa jikoni kwenyewe, mwisho mapokezi. Asiyekaa huku hushangaa mtoto wa Malindi akimwona mzungu humwambia "ciao" kabla ya "jambo". Lakini Waitaliano tumezoeana nao tangu miaka ya sitini, walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni chini ya profesa Luigi Broglio. Satelaiti yao ya kwanza kutoka pale iliruka Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka pale pale ya Wamarekani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Baadaye zikaja hoteli, pitsa, na aiskrimu inayoitwa "gelato".

Sasa kazi. Kwanza masikio. Irabu zao ni zetu, a e i o u, na karibu kila neno laishia irabu. Soma lilivyoandikwa, umefika. Shida iko kwenye herufi chache, na mbaya kuliko zote ni kwamba c na ch zimebadilishana viti. C ikifuatwa na i au e ndiyo ch yetu: "ciao" ni chao, "cena" (chakula cha usiku) ni chena. Ch yao ndiyo k yetu: "chi" husomwa ki, maana yake nani. "Chiuso" mlangoni pa duka ni kyuzo, yaani pamefungwa.

Mwaka wangu wa pili jikoni mpishi mkuu aliandika ubaoni: "pesche, 2 kg". Nikaenda kwa wavuvi nikaleta changu wazuri, nimeshawapara na magamba. Kumbe "pesce" (peshe) ndiye samaki. "Pesche" (peske) ni mapichi, na yeye alitaka mapichi ya mkebe ya kuwekea keki. Wale changu tulikula sisi wafanyakazi, kwa hivyo hasara haikuwa kubwa.

Gn ni ny yetu, tena bila taabu: "gnocchi" ni nyoki. Sc mbele ya i au e ni sh. Z ni ts, au dz. Gli ni kama ly, ulimi uubandike juu ya kaakaa. Hii itakuchukua wiki.

Halafu herufi pacha. Hapa ndipo tunapoanguka wengi, ilhali dawa tunayo nyumbani. Sema "nne". Umesikia ulivyokaa kwenye n? Basi sema "nonno" (babu) ukikaa vivyo hivyo kwenye n ya kati. Usipokaa, "nono" ni wa tisa. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Capello" ni unywele, "cappello" ni kofia. Na "anno" ni mwaka, wingi wake "anni". Ukisahau pacha unapata "ano", na hilo ni tundu la haja kubwa. Mimi nilimwambia mama mmoja wa Bergamo, mbele ya wajukuu zake, kwamba ninayo thelathini na mawili.

Mkazo pia. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, na mara nyingi Mwitaliano naye hufanya hivyo: "amico", "domani", "lavoro". Ila kuna maneno yanakazwa mapema: TAvolo (meza), CAmera (chumba), MACchina (gari), teLEfono, SUbito (sasa hivi). Mswahili husema "taVOlo" na kila mtu anajua umetoka pwani gani.

Mkwaju Mtamu | #2

Mkuu nimeweka kambi hapa. Ila shusha maneno yenyewe, sarufi tuliikimbia shuleni.

Kasa Mzee | #3

Haya, chukua.

Ukifika mlangoni kwa mtu, hata kama mlango uko wazi, unasema "permesso?". Hiyo ni hodi, wala usitafute tafsiri nyingine. Utajibiwa "avanti" au "prego". Na "prego" ndilo neno la kujifunza kabla ya yote, kwa sababu ni karibu yetu kabisa. Mtu akikushukuru, "prego". Ukimpisha apite, "prego". Ukimwekea sahani mezani, "prego". Mteja akija kaunta na unataka kumuuliza unamsaidiaje, "prego?". Mwingereza wa kwenye daftari ana maneno manne kwa hayo, sisi tuna moja, na wao wana moja.

Pole pole ni "piano piano", nao hurudia kama sisi. Basi ni "basta". Nasikia asili zake ni mbali mbali kabisa, lakini mdomoni zinakutana. Haya ni "allora", au "dai" ukimhimiza mtu. Twende ni "andiamo". Afadhali ni "meno male". Na sijui ni "boh", mabega juu; lakini hiyo msiitumie kwa mteja.

Salamu: "buongiorno" tangu asubuhi, na "buonasera" huanza mapema kuliko unavyodhani, wengine saa kumi tu jioni wameshaianza. "Buonanotte" ni ya kwenda kulala. Usimwambie mgeni anayeingia kula "buonanotte", atadhani unamfukuza.

Neno "pole" hawana. Mtu akijikwaa utasema "mi dispiace", naye atakutazama kama wewe ndiye uliyeweka jiwe. Na kwa "pole na kazi" wao wana "buon lavoro", kazi njema, ambayo husemwa unapoondoka ukimwacha mwenzio anafanya kazi.

Fundi wa Kiwengwa | #4

Mzee Kasa umenikumbusha mbali wallahi. Sisi Unguja, Kiwengwa hii, Kiitaliano tumekinyonya na maji ya madafu. Mie nauza vinyago na picha za tinga tinga ufukweni.

Yangu ni machache na yananilisha. "Guardare non costa niente", kutazama hakugharimu kitu. "Quanto costa?" atauliza yeye. Ukitaja bei atasema "troppo caro", ghali mno, hata ungemtajia shilingi mia. Hapo unasema "facciamo uno sconto", tufanye punguzo. Nambari zako ziwe safi: "dieci" ni kumi, "venti" ishirini, "trenta", "quaranta", "cinquanta". Watu wanapoteza pesa hapa kwa kuchanganya "sedici" (kumi na sita) na "sessanta" (sitini).

Jingine, akikwambia "forse domani", labda kesho, usimsubiri. Hiyo ni ile "inshallah" ya mtu asiyetaka kukuvunja moyo.

Na vijana muache "ciao bella" kwa kila mwanamke anayepita. Wamechoka nayo, na wengine wamekuja na mama zao.

Dada wa Po | #5

Kaka Kasa shikamoo. Uzi mzuri, lakini naomba nikupinge kidogo, usinichukie.

Nipo Torino mwaka wa saba, nimetokea Tanga. Kiitaliano chenu cha ufukweni nilikuja nacho, maana nami nilifanya kazi hoteli. Wiki ya kwanza hapa kiliniaibisha. Ufukweni kila mtu ni "tu" na kila mtu ni "ciao", kwa kuwa mgeni yuko likizo na kavaa kaptula. Nilimwambia bibi wa miaka 84, niliyekuja kumlea, "Ciao, come stai?" Binti yake akaniita pembeni, kwa upole, akanieleza.

Mtu mzima usiyemjua, daktari, karani, mwenye duka, ni "Lei". Si "come stai" bali "come sta". Si "scusa" bali "mi scusi". Si "senti" bali "senta". Ajabu yake, "Lei" ni neno lile lile la "yeye mwanamke", na kitenzi unakipeleka kwenye yeye, hata kama unaongea na mwanamume mwenye sharubu. Ni kama zamani kwetu ulivyokuwa ukimuuliza mkubwa mwenyewe uso kwa uso: "mzee ameamkaje?" Ukilishika hivyo haliwezi kukutoka.

Na msiseme "voglio", nataka. Semeni "vorrei", ningependa. "Vorrei un'informazione." Mlango uliokuwa umefungwa unafunguka.

Halafu lile la kusema "io lavorare qui, tu mangiare là", vitenzi vimelala tu havina mtu. Ufukweni mnaeleweka, tena mnachekewa. Huku anayeongea hivyo anajibiwa hivyo hivyo, kama mtoto. Iliniuma kuliko baridi.

Kasa Mzee | #6

Marahaba mwanangu. Hujanikosea, umesema kweli. Kijana ana mapokezi Jumatatu, "Lei" hiyo anaihitaji kuliko mapichi yangu. Endelea.

Dada wa Po | #7

Asante kaka. Basi niwape ya nyumbani, kwa wale wanaokuja kwa kazi ya "badante", mlezi wa wazee, maana haya hayamo kwenye vitabu vya watalii.

"Scopa" ni ufagio, "straccio" tambara, "mocio" ile fagio ya maji ya kupigia deki. "Stendere i panni" ni kuanika nguo, "stirare" kupiga pasi. "Fare la spesa" ni kwenda kununua vya jikoni, na si "shopping". Wakitaka kusema kununua nguo ndipo wanasema "fare shopping". "Pannolone" ni nepi ya mtu mzima. "Pastiglia" ni kidonge, "goccia" tone, "misurare la pressione" kupima presha.

Mzee akisema "mi fa male la schiena", mgongo unaniuma. "Mi gira la testa", ana kizunguzungu, mkalishe haraka. "Mi sento debole", anahisi mnyonge. Na akisema amepata "colpo d'aria", amepigwa na upepo, usicheke. Hawa wanaogopa upepo wa dirishani kama bibi zetu walivyoogopa upepo mbaya. Ukitoka nje na nywele mbichi watakuombea dua.

La mwisho, SAA. Hili limewagharimu wengi. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane. "Alle otto" asubuhi ni saa mbili yetu. Mimi kichwani nilikuwa natafsiri namba badala ya saa: nikamwambia fundi wa bomba aje "alle due", nikimaanisha saa mbili asubuhi, nikaamka nikapika chai nikamngoja. Akaja saa nane mchana, na alikuwa hana kosa. Na ratiba za treni na hospitali zinakwenda hadi ishirini na nne: "alle quindici e trenta" ni saa tisa na nusu alasiri. Saa ya mkononi usiitafsiri, itazame mshale tu.

Otieno wa Ngara | #8

Mimi nilikuwa Roma siku nne, mkutano wa kazi. Nikaingia mahali pa kahawa, kwao panaitwa "bar" na si pa pombe peke yake. Nikaagiza "latte" kama ninavyoagiza Nairobi. Nikaletewa glasi ya maziwa. Maziwa matupu. Jamaa wa kaunta alinitazama kwa huruma.

"Latte" ni maziwa, mwisho. Ukitaka kahawa ya maziwa ni "caffellatte" au "cappuccino", na hiyo ya pili wao huinywa asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana watakupa lakini watakuwa na maoni. "Un caffè" peke yake ni kile kikombe kidogo kikali cha mikupuo miwili. Kwenye baa nyingi unalipa kwanza "alla cassa", unapewa "scontrino" (risiti ndogo), ndipo unaipeleka kaunta. Na ukinywa umesimama, "al banco", mara nyingi bei ni ndogo kuliko ukikaa mezani.

Jioni nikaagiza pitsa ya "peperoni". Ikaja na pilipili hoho. Nikala nikanyamaza.

Mkwaju Mtamu | #9

Otieno pole sana 😂 "mi dispiace"

Tambwe L'shi | #10

Miye niko Lubumbashi, sisi tunasemaka Kifaransa na Kiswahili. Kifaransa kinasaidia mingi: "mangiare" ni manger, "aprire" ni ouvrir karibu karibu. Lakini angalisho: "salire" kwa Kiitaliano ni kupanda. Kwa Kifaransa "salir" ni kuchafula. Mumoja wa kwetu alikuwa Napoli, dereva wa bisi akamwambia "salga, salga!" Akaanza kutazama nguo yake.

Mwalimu Bahasha | #11

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, Kiitaliano najifunza uzeeni kwa sababu ya mjukuu aliyezaliwa Bologna. Niongeze la kwangu.

Kuna maneno tumekula sahani moja bila kujuana. Kiarabu kilipita Sisilia kikapita na kwetu. Sukari ni "zucchero". Zafarani ni "zafferano". Limau ni "limone". Sifuri na "zero" ni ndugu wa tumbo moja, wote kutoka "sifr". Hata bilingani na "melanzana" mzizi ni mmoja, ingawa sura zimeachana sana. Na kupitia Wareno tukapata bendera, ambayo kwao ni "bandiera", na mvinyo, kwao "vino".

Lakini wapo walaghai. Hawa nimewaandika ukutani jikoni:

"Sera" si siasa, ni jioni. "Moto" ni pikipiki. "Papa" ni Baba Mtakatifu, na ukikaza mwisho, "papà", ni baba mzazi; papa wa baharini ni "squalo". "Cosa" (wengi hutamka koza) ni kitu, wala hakuna aliyekosa. "Mia" ni yangu, mia ni "cento". "Mila" ni elfu, kama "tremila", elfu tatu. "Pesa" ni "ina uzito". "Sala" ni ukumbi au sebule. "Casa" ni nyumba, na hapa nadhani mwenye uzi alijua anachofanya alipojichagulia jina.

Na mkubwa wao ni "vita". Kwao "vita" ni maisha. Mjukuu wangu alipozaliwa, mkwe wangu alinitumia ujumbe: "Una nuova vita!" Nilikaa kitini kwanza.

Mkwaju Mtamu | #12

Mwalimu shikamoo. Kwa hiyo Mwitaliano akichoka na shida akasema "che vita!", analalamika maisha, na Mswahili anauliza vita ipi 😂😂

Mwalimu Bahasha | #13

Marahaba. Na wote wawili wanaweza kuwa na haki.

Neema_Sinza | #14

Wakuu habari. Mimi natafuta nafasi ya chuo huko. Naomba kujua, kuna cheti cha lugha kinachotambulika? Na je, kozi za bure zipo ukishafika? Msinijibu kwa utani tafadhali, nimesoma uzi wote na nimecheka vya kutosha.

Dada wa Po | #15

Neema mdogo wangu, bila utani. Vyeti vinavyojulikana sana ni CILS cha Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, na CELI cha kile cha Perugia. Ngazi ni zile za Ulaya, A1 hadi C2. Programu nyingine za chuo zinafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo soma masharti ya chuo chenyewe, usisikilize mtu wa mtandaoni, nikiwemo mimi.

Ukishafika, tafuta CPIA ya mtaa wako. Ni shule za serikali za watu wazima, ada hakuna au ni ndogo sana. Mimi nilisoma pale jioni, darasa moja na Mmoroko, Mperu, na mama wa Kichina aliyekuwa hodari kuliko sote. Kibali cha ukaaji wa muda mrefu kinadai A2, na uraia tangu 2018 unadai B1.

Na maneno ya makaratasi yajue kabla hujapanda ndege, maana hayo hayangoji: "permesso di soggiorno" ni kibali cha kukaa (ndiyo, "permesso" ile ile ya hodi), "questura" ni makao ya polisi wanakokitoa, "codice fiscale" namba yako ya kodi ambayo bila hiyo hata laini ya simu ni shida, "marca da bollo" stempu ya kubandika kwenye fomu, "fototessera" picha ya pasipoti, "firma" sahihi, "scadenza" tarehe ya kuisha muda. Ukiwa kwenye foleni uliza "chi è l'ultimo?", nani wa mwisho? Ukishamjua wewe uko nyuma yake, hata akikaa upande wa pili wa chumba.

Kwa wa Nairobi, Istituto Italiano di Cultura (taasisi ya utamaduni ya Italia) iko huko, wanaweza kuanzia hapo.

Neema_Sinza | #16

Asante sana dada. Nimenakili yote.

Kasa Mzee | #17

Mkwaju aliomba tusilete sarufi, lakini naleta kidogo, na ni hapa hasa Mwingereza wa daftari anapokuwa mzigo.

Mwingereza hana njaa, yeye "ni mwenye njaa". Mwitaliano anayo, kama sisi: "ho fame", nina njaa. "Ho sete", nina kiu. "Ho sonno", nina usingizi. "Ho paura", nina hofu. "Ho trent'anni", nina miaka thelathini. Neno kwa neno. Niliyemwona akihangaika na hili ni mtu aliyepitia Kiingereza, akasema "sono fame", yaani "mimi ndiye njaa".

Na kupenda. "Mi piace il caffè" wengi wanalikariri kama wimbo. Wewe sema "kahawa yanipendeza". Imekwisha. Vikiwa vingi, vyanipendeza, "mi piacciono". Mwenye kufanya ni kahawa, wewe ni "ni" tu katikati.

Upatanisho ndiyo usiseme. "Libro bello, libri belli", kitabu kizuri, vitabu vizuri. "Casa bella, case belle", nyumba nzuri, nyumba nzuri. Wazungu wengine hulia kwamba kivumishi kinabadilika. Sisi tuliolelewa na ki-vi, m-mi na u-zi, tutalilia mbili tu, ya kiume na ya kike?

Dada wa Po | #18

Hapo tumekubaliana kaka. Na vitenzi navyo ni mwendo huo huo, ila wao wameweka mkiani kile sisi tunachoweka kichwani. Kusema ni "parlare":

nasema, parlo
unasema, parli
anasema, parla (na hii ndiyo ya "Lei")
tunasema, parliamo
mnasema, parlate
wanasema, parlano

Ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, zimehamia nyuma. Ndiyo maana "io" na "tu" huachwa, kama sisi tusivyosema "mimi nasema" ila tukitaka kukaza. Mtu anayesema "io, io, io" kila sentensi anasikika kama anagombana. Na PARlano mkazo ni mwanzo, Waswahili wote tunasema parLAno, hata mimi nikichoka.

Fundi wa Kiwengwa | #19

Mie miaka kumi na mbili nasema "io" kwa kila mteja. Ndo maana hawanunui?

Dada wa Po | #20

Labda ni bei, kaka 😄

Daftari96 | #21

Hamjambo wakubwa zangu. Ni mimi yule kijana wa daftari, mzee Kasa kaniambia nijiunge. Nimeanza daftari jipya lenye safu mbili.

Nimejaribu ujumbe wa mgeni wa Jumatatu. Naomba mnisahihishe:

"Buongiorno signora, benvenuta. Mi chiamo Safari. Io lavoro qui da due anno. Tu vuoi un caffè? Se hai bisogno, io sono qui."

(Kazi nimeianza juzi tu, lakini niliyemrithi alikaa miaka miwili, nimeona nisimwogopeshe.)

Dada wa Po | #22

Safari mdogo wangu, hongera, "benvenuta" umeipatia na jinsia yake. Nimeondoa "io" zote mbili. "Tu vuoi" kwa bibi wa watu itakuwa "Lei vuole", na bora zaidi "gradisce un caffè?", utapendezwa na kahawa? Hiyo ni ya mapokezi yenye heshima zake. "Se hai" iwe "se ha". Ule uongo wa miaka miwili sijaugusa, huo ni wa mzee Kasa.

"Buongiorno signora, benvenuta. Mi chiamo Safari. Lavoro qui da due anni. Gradisce un caffè? Se ha bisogno, sono qui."

Kasa Mzee | #23

Uongo uondoe, mgeni akikuuliza njia ya Gede ukababaika atajua. Sema "da una settimana", tangu wiki moja, atakuhurumia na bakshishi itaongezeka. Ila hiyo "anni" ifanyie mazoezi tu, kuna siku utakuwa na miaka yako kweli. Isome kwa sauti kesho asubuhi nikiwa napita, nikusikie.

Daftari96 | #24

Sawa mzee. Mama anauliza kwa nini nahesabu nne, nne, nne peke yangu chumbani.

Kasa Mzee | #25

Mwambie "sto studiando". Sc haimo, hutakosea.